Hesabu za nguvu na mwendo: somo nililopata kwa chukudu



Interro ya mekanika ya juzi imepiga wadogo wengi. Jioni, kwenye internati, nimeomba kaye za wale waliokubali nizione. Karibu wote wamefanya kosa moja: wameandika formila kwanza, kisha wakatafuta namba za kutia ndani. Mwalimu akibadilisha swali kidogo tu, formila inakataa, na mtu anasema: "Fizika ni ya wenye akili." Wadogo wangu, hapana. Mimi ninayeandika hapa nilipata 4 juu ya 20 kwa somo hilihili. Ninaandika juu ninajua pale nilipokuwa ninaanguka, na siku moja nilianguka kweli, si kwa karatasi tu.

MAMBO YALIYONIPATA

Likizo moja nilisukuma chukudu kusudi nipate minervali. Watu wa Goma na Butembo hamuhitaji kuelezwa: ni ile kinga ya mbao, magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira wa tairi ya zamani, na kipande cha mpira nyuma, unakikanyaga kwa mguu kikawa freni. Siku hiyo mwenye makala alitaka magunia yote yashuke mara moja. Nikamwambia: "Papa, mzigo ni mara mbili ya jana." Akanijibu: "Mtoto, ongeza tu. Kizito na chepesi vinashukaka mbio moja. Nimeviona miaka mingi."

Nikaongeza. Kweli, mwanzoni chukudu ilishuka sawa vile jana. Lakini nilipokanyaga freni, ilikuwa kama sikukanyaga kitu. Nikaruka. Chukudu ikaingia kwenye mtaro, magunia yakapasuka, na pesa yangu ya siku nyingi ikaenda kulipa makala. Nilishukuru Mungu kwamba hapakuwa mama na mtoto barabarani.

Nilimkasirikia yule papa nikisema alinidanganya. Muhula uliofuata nikafanya hesabu kwa kaye, nikaona hakunidanganya. Alisema kweli nusu. Nusu nyingine ndiyo iko katika somo hili.

NJIA YA HATUA TANO

1. Soma swali mara mbili bila kushika biki. Uliza: ni kitu gani kinatembea? Kinaanza kwa mwendo gani? Wanataka nini?

2. Chora kitu kile peke yake. Usichore kilima kizima na nyumba. Kisanduku kimoja kinatosha.

3. Weka mishale ya nguvu. Kila nguvu iko na mwenyewe. Dunia inavuta chini: ni uzito, P = mg. Barabara inasukuma juu na pia inazuia. Mtu anasukuma, freni inashika. Kama huwezi kutaja mwenye nguvu, futa mshale ule. Wengi wanachoraka "nguvu ya mwendo" mbele ya kitu juu kitu kinatembea. Nguvu ile haiko. Jiwe likiisha kutoka mkononi, mkono hausukumi tena.

4. Chagua upande mmoja uwe wa kujumlisha, upande wa pili uwe wa kutoa. Kisha andika kanuni ya pili ya Newton, aliyoichapisha mwaka 1687: jumla ya nguvu zote ni masi mara akselerasio, F = ma. Neno la kushika ni JUMLA. Akselerasio ni kiasi mwendo unachoongezeka au kupunguka kila segonde.

5. Sasa tu ndipo utumie formila za mwendo: v = v₀ + at, e = v₀t + ½at², v² = v₀² + 2ae. Tia namba mwishoni, angalia vipimo, kisha jiulize kama jibu linawezekana. Mtu akipata chukudu inayokimbia 300 km kwa saa, arudi nyuma.

HESABU YA KWANZA: BARABARA YA SAWA

Chukudu na mzigo wake ni kilo 200. Inasimama. Mtu anaisukuma kwa nguvu ya 160 N, barabara inazuia kwa 120 N. Kisha segonde 10, inakwenda mwendo gani, na imepita metre ngapi?

Uzito unavuta chini, barabara inasukuma juu sawasawa. Hizo mbili zinamalizana. Zinabaki nguvu za mbele na nyuma: 160 − 120 = 40 N. Basi a = 40 : 200 = 0,2 m/s². Kisha segonde 10: v = 0,2 × 10 = 2 m/s, na e = ½ × 0,2 × 100 = 10 m.

Katika interro wengi waliandika 160 : 200 = 0,8. Walisahau neno JUMLA. Walihesabu yule anayesukuma, wakamsahau anayezuia.

HESABU YA PILI: MTEREMKO

Hapa ndipo penye makala yangu. Barabara inashuka metre 1 kwa kila metre 10 za urefu. Chukudu, mtu na mzigo ni kilo 200 pamoja. Tunachukua g = 10 m/s². Barabara inazuia kwa 30 N kwa kila kilo 100. Mwanzo ni kusimama. Mwendo ni gani kisha metre 35?

Uzito mzima ni 200 × 10 = 2000 N, lakini hauvuti wote kufuata barabara. Sehemu kubwa inakandamiza udongo, na udongo unaijibu. Inayovuta kushuka ni sehemu moja ya kumi, sawa na mteremko wenyewe: 200 N. Barabara inazuia 60 N. Jumla: 200 − 60 = 140 N. Basi a = 140 : 200 = 0,7 m/s².

v² = 2 × 0,7 × 35 = 49, basi v = 7 m/s. Ukizidisha na 3,6 unapata karibu 25 km kwa saa. Na muda ni 7 : 0,7 = segonde 10 tu! Hesabu mpaka kumi na uone ni upesi namna gani.

Sasa tia kilo 400. Mteremko unavuta 400 N, barabara inazuia 120 N, inabaki 280 N. Basi a = 280 : 400 = 0,7 m/s². Ni ileile! Masi imeongezeka mara mbili, nguvu nayo mara mbili. Galileo aliandika jambo la namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1638, kisha kuviringisha mipira kwenye ubao ulioinama. Na yule papa wa makala aliliona kwa macho yake bila kusoma Galileo. Hapo alisema kweli.

NUSU ILIYOBAKI: KUSIMAMA

Tukifika kwenye 7 m/s tunakanyaga freni. Tuseme mguu wangu unaweza kutoa 300 N za kuzuia, si zaidi.

Kwa kilo 200: zinazozuia ni 300 + 60 = 360 N, unaovuta ni mteremko, 200 N. Inabaki 160 N ya kurudisha nyuma. Akselerasio ni 160 : 200 = 0,8 m/s², na ni ya kutoa. Njia ya kusimama: 49 : (2 × 0,8) = karibu metre 31.

Kwa kilo 400: zinazozuia ni 300 + 120 = 420 N, mteremko unavuta 400 N. Inabaki 20 N tu! Akselerasio ni 20 : 400 = 0,05 m/s². Njia ya kusimama: 49 : (2 × 0,05) = metre 490.

Someni tena: metre 31, metre 490. Mzigo ni mara mbili, lakini njia ya kusimama si mara mbili. Ni karibu mara kumi na sita. Kwa nini? Mzigo ukiongezeka, mteremko unaongeza nguvu yake na barabara pia inaongeza, lakini mguu wa mtu haukuongezeka. Mguu ni uleule wa jana. Nilipokanyaga siku ile, mguu wangu ulifanya kazi yake yote. Kilichobaki kilikuwa 20 N, na mtaro ulikuwa karibu kuliko metre 490.

Kwa hiyo, wadogo mnaosukuma siku ya Posho au likizo, mkiambiwa "vinashuka mbio moja", mjibu kwa heshima: "Ndiyo papa, vinashuka mbio moja, lakini havisimami pamoja." Aibu ya kukataa gunia ni ndogo kuliko mguu uliovunjika. Na kama mzigo hauwezi kupunguka, mshike freni tangu juu, mbele ya mwendo kukua, juu v katika formila ile iko na mbili kichwani.

MAZOEZI

Fanyeni kwa hatua tano, na mchoro. Majibu nimeyaweka kusudi mujipime, si kusudi munakili.

1. Mteremko uleule, mguu uleule, lakini kilo 450, na mwendo ni 7 m/s. Freni inakanyagwa. Itasimama kisha metre ngapi? (Angalia alama ya akselerasio mbele ya kujibu. Jibu: haisimami. Inabaki 15 N ya kuvuta mbele, mwendo unaendelea kukua.)

2. Kwa kilo 200 na kilo 400, freni inakanyagwa kisha metre 5 tu za kushuka, si 35. (Majibu: karibu metre 4,4 na metre 70.)

3. Barabara ya sawa, kilo 150, mtu anasukuma 105 N, barabara inazuia 45 N. Mwendo na njia kisha segonde 5, kuanzia kusimama? (Majibu: 2 m/s na metre 5.)

Anayekwama aje na kaye yake kisha chakula cha jioni, kwenye meza ya karibu na dirisha. Nitamuuliza neno moja tu la kwanza: "Mchoro uko wapi?" Tusaidiane, wandugu, mtihani wa muhula hauko mbali.

Doyen wa wanafunzi, darasa la mwisho