Jina la Mhunzi: Kutoka Schmidt hadi Omoturi

Katika somo hili tunaangalia jina la ukoo lililozaliwa na kazi ya mikono, na tunajiuliza linatufundisha nini sisi wa Tarime na Serengeti.

1. Asili ya jina
Kwa Kijerumani mhunzi huitwa Schmied. Zamani kijiji kilikuwa na mhunzi mmoja, hivyo watu walimtaja kwa kazi yake. Baadaye watoto wake walirithi jina hata kama walikuwa wakulima. Leo Schmidt ni jina la pili kwa wingi Ujerumani, likitanguliwa na Müller, yaani msaga nafaka. Waingereza wana Smith, Wapolandi wana Kowalski.

Wayahudi wa nchi hizo kwa muda mrefu walitumia jina la baba, kama tusomavyo “Yakobo wa Zebedayo”. Mwaka 1787 Kaisari Yosefu II wa Austria aliwaamuru wachukue majina ya ukoo. Prussia ilifuata mwaka 1812. Wengi walichukua majina ya kazi, kwa mfano Schneider, mshona nguo. Ndiyo maana jina moja hubebwa na Mjerumani Mkristo na pia Myahudi.

2. Kwetu Mara
Sisi hutumia jina la baba: Chacha, Marwa, Mwita. Lakini kazi haikukosa jina. Kwa Wakurya mhunzi ni omoturi, na wahunzi ni abaturi. Wakikuyu wa Kenya husema muturi, neno la shina lilelile, nao wamelifanya jina la mtu. Justin Muturi, Spika wa Bunge la Kenya kuanzia 2013 hadi 2022, ni mmoja wa wanaolibeba. Kwa desturi yao mjukuu hupewa jina la babu, basi jina huendelea hata moto wa kiwanda cha uhunzi ukizimika.

3. Heshima na dharau
Abaturi walifua majembe, mikuki na mishale. Hakuna aliyelima bila wao. Hata hivyo walitengwa: waliogopwa, na mila ilikataza watu wengine kuoana nao. Tulikula kwa jembe lao, tukakataa kuwa wakwe zao.

Maandiko yanatuonya. Katika 1 Samweli 13:19-20 Israeli walikosa mhunzi, wakalazimika kwenda kwa Wafilisti kunoa majembe yao. Na huko Nazareti watu walimdharau Bwana wetu wakiitaja kazi yake: si huyu yule seremala? (Mk 6:3). Waliijua kazi, hawakumjua mtu.

Kanuni ya 1058 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba wote wasiokatazwa na sheria wanaweza kufunga ndoa. Undugu wa damu wa karibu ni kizuizi; uhunzi wa babu si kizuizi. Vijana wawili wakija parokiani huku wazee wakinong’ona kuhusu ukoo wa mmoja wao, tuwasikilize wazee kwa heshima, lakini tusiufanye mnong’ono wao kuwa sheria.

Mwaka 1955 Papa Pius XII aliweka Mei 1 kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Kanisa linaiheshimu mikono iliyochoka, nasi tuiheshimu.

Maswali ya kutafakari
- Katika jumuiya yetu, ni nani anayetajwa kwa kazi ya wazee wake ili adharauliwe?
- Tutamsaidiaje mzazi anayekataa mkwe kwa sababu hiyo?