Nianzie Wapi Kupanga Chumba?

Swali: Nimepata chumba Mbagala, Dar es Salaam. Kodi ya miezi 6 imenimaliza. Mama anasema wao walianza na mkeka tu. Ninunue nini kwanza?

Jibu: Mama yako hakosei, ila sufuria na kinu waliazima kwa jirani bila haya. Wewe anza na godoro. Litandikie mkeka chini, na kila asubuhi lisimamishe ukutani. Sakafu ya saruji hutoa unyevu, godoro likaota ukungu. Kisha ndoo mbili zenye mifuniko, sufuria mbili na mtungi wa gesi wa kilo 6. Mkaa wa kopo huonekana rahisi hadi upige hesabu ya mwezi. Kitanda kitasubiri: Keko, hapo hapo Dar, mafundi seremala wapo, wengine hupokea malipo kidogokidogo. Sofa ya mkopo? Achana nayo. Wageni watakaa mkekani.