Mto Platte wa Marekani

Fungua atlasi yako mahali pa Marekani, utafute jimbo la Nebraska. Mto unaolipita kutoka magharibi kwenda mashariki ni Platte. Matawi yake mawili, la Kaskazini na la Kusini, huanzia katika Milima ya Rocky, jimbo la Colorado. Hukutana karibu na mji wa North Platte, na kutoka hapo mto huenda maili 310 hivi mpaka kuingia Mto Missouri. Kwa Kifaransa jina lake lina maana ya kitu bapa.

Kwa nini mto huu ulikuwa mpana sana, na kina chake kifupi? Sababu ni theluji na mchanga. Mwezi wa Mei na Juni theluji ya milimani huyeyuka, mto ukajaa na kuchukua mchanga mwingi. Maji yakipungua nguvu huko uwandani, mchanga hutuama ukawa mafungu, na mto hugawanyika vijito vinavyoachana na kukutana tena kama nywele zilizosukwa. Mafuriko hayo yaling'oa miche ya miti iliyoota mchangani, na hivyo njia ya mto ikabaki wazi.

Lakini magharibi ya Nebraska mvua ni haba, na wakulima wahitaji maji. Mabwawa yakajengwa katika Platte ya Kaskazini: Pathfinder, lililokamilika mwaka 1909, na Kingsley, mwaka 1941. Mashamba ya mahindi yakastawi. Mafuriko nayo yakapungua. Miti ikaota juu ya mafungu ya mchanga, na mahali pengi mto ukawa mwembamba.

Jambo hili lawadhuru korongo. Kila mwaka, Februari mpaka Aprili, korongo zaidi ya 500,000 hupumzika hapo katika safari yao ya kwenda kaskazini. Mchana hula mahindi yaliyosalia mashambani. Usiku hulala wamesimama katika maji machache, mbali na wanyama wakali. Basi shamba lawalisha, na maji ya shamba hilo hutoka katika malazi yao.

Mwaka 2007 majimbo ya Colorado, Wyoming na Nebraska, pamoja na serikali kuu, yalianza mpango wa kurudisha sehemu ya maji mtoni.

Mwanafunzi, usitosheke kujua mto waanzia wapi na waishia wapi. Uliza pia: maji yake yachukuliwa na nani, na yabakia kiasi gani?