Macho ya Njano Hayatibiwi kwa Kutapishwa

SWALI: Daktari, baba yangu ana miaka 63, ni mkulima huku Sengerema. Tangu mwezi uliopita macho yake yamekuwa ya njano, anajikuna usiku kucha, mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi, na amekonda sana ingawa hasikii maumivu. Shangazi anasema ni nyongo imemjaa. Amemleta mtu wa dawa, baba ametapishwa mara mbili, na Jumamosi wanataka kumchanja chale ubavuni. Mimi nimesoma kwamba dalili hizi zinaweza kuwa za saratani ya kongosho, lakini nimesoma pia kwamba ugonjwa huo ni wa Ulaya na Marekani, kwetu ni nadra. Kama ni nadra, mbona wachache wanaoupata huku wote hufika hospitali wakiwa wamechelewa? Na je, unarithiwa? Nina miaka 34 na ninavuta sigara.
Msomaji, Sengerema

JIBU: Nitajibu uliyoniuliza, lakini kwanza hili ambalo hukuliuliza: baba asichanjwe chale. Mtu wa dawa azuiwe leo, na baba apelekwe hospitali kesho asubuhi. Msisubiri kuvuna wala kikao cha ukoo. Kama umelisoma gazeti hili asubuhi, mpeleke kwanza, haya mengine utayasoma mkiwa kwenye foleni.

Uliyosoma kuhusu Ulaya ni ya kweli, ila ni nusu ya habari. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, lilikadiria kuwa mwaka 2022 zaidi ya watu 500,000 duniani waligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na waliokufa kwa ugonjwa huo mwaka huohuo walizidi 460,000. Tazama namba hizo mbili zilivyokaribiana. Viwango vya juu viko Ulaya na Amerika Kaskazini, vya chini viko Afrika na kusini mwa Asia. Sababu moja ni umri, kwa kuwa ugonjwa huu huwapata zaidi waliovuka miaka 60. Nyingine ni sigara, unene uliopitiliza na kisukari. Lakini ipo sababu ambayo namba haziwezi kuisema zenyewe: mgonjwa huhesabiwa pale tu alipopimwa. Rejista ya saratani ya Kampala ilianzishwa mwaka 1954, na hapa kwetu hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza zinaweka kumbukumbu za saratani. Ukitoka kwenye miji hiyo ukaingia vijijini, mzee anakonda, anageuka njano, anafariki, na msibani watu wanasema ni ini, au vidonda vya tumbo, au amerogwa. Huyo hayumo katika namba yoyote. Kwa hiyo neno "nadra" lisiwatulize.

Kuhusu kuchelewa, si huku kwetu tu. Marekani, nchi yenye mashine za kila aina, karibu nusu ya wagonjwa hugundulika saratani ikiwa imeshasambaa mbali, na wanaofikisha miaka mitano tangu kugundulika ni kama 13 tu katika kila 100. Uingereza nako wagonjwa wengi wa saratani hii hugundulika baada ya kuzidiwa na kukimbizwa idara ya dharura, na kwa saratani kwa ujumla, wakazi wa maeneo maskini ndio wanaofika kwa njia hiyo zaidi. Ugonjwa wenyewe ni wa kimyakimya. Kongosho limekaa ndani kabisa, nyuma ya tumbo la chakula, daktari hawezi kulipapasa kwa mkono. Kuna ucheleweshaji unaotokana na maumbile hayo, na huo sina la kuufanya. Kuna mwingine tunaouongeza wenyewe kwa miezi, na huo ndio unaonifanya niandike kwa ukali.

Saratani inapoanzia kwenye kichwa cha kongosho, huubana mrija wa nyongo ingali ndogo. Nyongo inakosa pa kupita, inarudi kwenye damu, macho yanageuka njano, ngozi inawasha, mkojo unakoza rangi na choo kinapauka. Mgonjwa wa namna hii, mwenye manjano bila maumivu, mara nyingi ndiye aliyepata onyo mapema kuliko wenzake. Yule ambaye saratani yake imeanzia kwenye mkia wa kongosho hapati onyo hilo kabisa. Sasa fikiria: katika ugonjwa ambao karibu kila mtu huchelewa, baba yako amepewa dalili inayoonekana hata na jirani anayepita njiani, na mwezi mzima umetumika kumtapisha.

Habari ya nyongo nimeisikia kwa wagonjwa wa kila aina, wakulima, walimu na wenye shahada. Wanaamini nyongo hujaa mwilini kama maji kwenye pipa, kwamba ikizidi inapanda machoni, na kwamba mtu akinywa kitu kichungu sana akatapika yale majimaji ya njano, basi imepungua. Mgonjwa anapewa shubiri, mwarobaini, chumvi ya haluli, au mchanganyiko ambao hata anayeuza hausemi. Anatapika njano, familia inafurahi kwamba nyongo imetoka.

Mtu yeyote mzima, hata asiye na ugonjwa wowote, akitapishwa hadi chakula kiishe tumboni atatoa majimaji ya njano. Hiyo ni nyongo ya kawaida iliyorudi kutoka kwenye utumbo. Na kama mrija wa baba yako umezibwa, nyongo iliyomgeuza rangi haipo tumboni hata kidogo, imo kwenye damu, na hakuna kutapika kunakoweza kuitoa humo. Mnachokitoa ni maji na chumvi za mwili wa mzee ambaye tayari amekonda.

Najua shangazi atasema amewaona waliopona. Ni kweli amewaona, na sitaki mumdharau kwa hilo. Manjano yana sababu nyingi. Homa ya ini aina ya A, ambayo hupatikana kwa maji na chakula kilichochafuka, kwa watu wengi huisha yenyewe katika wiki chache, hata mgonjwa angekunywa uji mtupu. Kijana akigeuka njano, akanywa dawa ya mizizi wiki tatu, macho yakarudi kuwa meupe, sifa inakwenda kwa mizizi. Kijiji kizima kinakumbuka. Kisha anakuja mzee wa miaka 63 mwenye manjano ya namna nyingine kabisa, anapewa dawa ileile.

Lipo jambo gumu zaidi. Pale mrija wa nyongo unapofungukia kwenye utumbo panaweza kuota uvimbe ambao manjano yake hupungua na kurudi. Mgonjwa anakunywa dawa za mitishamba, macho yanaanza kung'aa, anaambiwa aendelee na chupa ya pili. Uvimbe wa mahali hapo ukikatwa mapema, nafasi ya mgonjwa kuishi miaka mingi ni kubwa kuliko ile ya saratani ya kongosho yenyewe. Watu wa aina hii ndio wanaoniumiza zaidi wanapofika wamechelewa, kwa kuwa tungeweza kuwasaidia sana.

Madhara ya dawa hizo si ya kukisia. Mtu mwenye manjano ya kuzibwa mrija figo zake ziko hatarini tayari. Ukimtapisha na kumharisha, maji yanapungua mwilini na figo zinaweza kusimama. Chale ni mbaya zaidi. Nyongo isipofika kwenye utumbo, mwili haufyonzi vitamini K, na bila vitamini hiyo damu haigandi vizuri. Wembe mdogo tu ubavuni unaweza kuanzisha damu isiyokatika, sembuse wembe uliotumika kwa mwingine jana, wenye virusi vya homa ya ini aina ya B au VVU.

Siku hizi kuna hii nyingine inayozunguka kwenye simu: kunywa mafuta ya zeituni na maji ya limau usiku, asubuhi utatoa mawe ya nyongo chooni. Watu huniletea madonge madogo ya kijani kwenye kopo, wana furaha. Ni sabuni. Mafuta yakichanganyika na majimaji ya tumboni huganda yakawa madonge ya sabuni, na yalipopimwa maabara hayakuwa mawe. Mgonjwa wa namna hiyo huacha kurudi kliniki kwa sababu "mawe yametoka".

Wala nisiseme ni ujinga wa vijijini. Mwaka 2011 wakubwa kwa wadogo walipanga foleni ya magari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500, na wapo waliokuwa kwenye dawa za hospitali wakaziacha. Hofu ya ugonjwa haina elimu. Ndiyo maana naomba uzungumze na shangazi kwa heshima, lakini uamuzi usibadilike.

Kwa wasomaji wengine wasio na manjano: maumivu ya chembe ya moyo yanayopenya hadi mgongoni, yakizidi ukilala chali, pamoja na kukonda, si ya kununulia omeprazoli duka la dawa mwezi baada ya mwezi kwa jina la vidonda vya tumbo. Na mtu aliyevuka miaka 50 akipata kisukari kwa mara ya kwanza huku anapungua uzito bila kukusudia, amwambie daktari habari zote mbili kwa pamoja. Wengi wa hao hawatakuwa na saratani. Wapimwe hivyohivyo.

Turudi kwa baba. Anzeni hospitali ya wilaya. Atapimwa damu na kufanyiwa ultrasaundi ya tumbo. Wewe uwe ndani, na umuulize daktari swali moja: je, mirija ya nyongo imepanuka? Ikiwa imepanuka, kuna kitu kimeziba, na hapo rufaa ya Bugando iandikwe siku hiyohiyo. Usikubali "rudi baada ya mwezi tuone". Zamani watu wa Sengerema waliniambia habari ya kusubiri feri ya Kigongo. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa na mnavuka kwa gari. Bugando atafanyiwa kipimo cha CT, na madaktari wa upasuaji wataamua.

Fedha najua ni tatizo. Mzee aliyefikisha miaka 60 na asiyejiweza ana haki ya kutibiwa bila malipo kwa sera ya nchi yetu. Chukueni barua ya serikali ya kijiji na kitambulisho chake, na mkifika mwulizie ofisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hamjaanza kuuza mifugo.

Huenda isiwe saratani. Inaweza kuwa mawe yaliyokwama kwenye mrija, au kifua kikuu cha tezi za tumboni, ambacho huweza kuubana mrija huohuo, kikafanana na saratani kwenye picha, na kikapona kwa vidonge. Nimeona familia ikimlilia mzee kama maiti kwa ugonjwa wenye dawa.

Ikiwa ni saratani na haijasambaa wala kukumbatia mishipa mikubwa ya damu, kuna upasuaji mkubwa unaoitwa Whipple, kwa jina la Allen Whipple aliyeuripoti huko New York mwaka 1935. Kwa kawaida ni kama mgonjwa mmoja tu katika watano anayegundulika mapema kiasi cha kufaa kufanyiwa upasuaji. Mtasikia kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Haisambazwi na kisu. Wanaofunguliwa ikakutwa imesambaa walikuwa nayo hivyo kabla ya kulala kwenye kitanda cha upasuaji, kwa kuwa walichelewa.

Na kama upasuaji huo hauwezekani, msirudi nyumbani mkidhani hakuna la kufanya. Mrija uliozibwa unaweza kuwekewa kimirija kidogo kinachoipitisha nyongo. Kuwashwa kunapungua, hamu ya kula inaweza kurudi, mzee analala usiku. Ipo pia tibakemikali kwa mwenye nguvu za kuihimili, na kwa maumivu ipo mofini ya maji, ambayo haimuui mgonjwa inapotolewa kwa kipimo cha daktari. Akipata homa na kutetemeka wakati wowote kuanzia leo, ujue huenda mrija umeingia vijidudu. Hapo msingoje kuche, mkimbizeni usiku huohuo.

Uliuliza kama inarithiwa. Wagonjwa wengi hawakuirithi. Ni kama mmoja katika kumi mwenye historia ya familia. Hakuna kipimo ninachoweza kukushauri ufanye ukiwa mzima kwa sababu tu baba anaumwa, labda ikithibitika kuwa ni saratani na pakawa na ndugu wengine wa damu walioipata, hapo mwambie daktari wa baba. Sigara ndiyo iliyo mikononi mwako. Huongeza hatari ya saratani hii karibu mara mbili, na hatari hiyo hupungua mwaka hadi mwaka mtu akiacha. Una miaka 34. Acha sasa, na ukishindwa peke yako, mweleze mganga wa zahanati yenu akusaidie.