DARSA YA RAMADHANI, SIKU YA 5: Theluji ya Jirani



Juzi baada ya daku nimetoka na beleshi. Njia ya magari tunachangia na mzee wa nyumba ya pili, si Muislamu. Nikasafisha upande wangu tu, theluji nikaisukuma kwake, nikawahi Alfajiri. Moyoni nasema: kila mtu na nusu yake.

Kufika saa nne rundo limeshaganda, gumu kama jiwe. Mzee akashindwa kutoa gari, akakosa miadi ya daktari. Mimi nimefunga, jirani hakusalimika nami.

Hapa Minneapolis sheria inampa mwenye nyumba saa 24 kusafisha njia ya wapita kwa miguu. Lakini njia mnayochangia wawili mnapatana wenyewe. Msipopatana je? Hapo ndipo imani inapopimwa.

Katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Mimi sikuuondoa, niliuhamisha tu! Na haki ya mja haifutwi kwa istighfari peke yake, lazima umwendee mwenyewe.

Nikaenda kumuomba radhi. Tumepatana: beleshi kwangu, njia nzima, chumvi ananunua yeye. Theluji tunaitupa kwenye majani, si kwa mtu.

Zoezi la leo: mpigie hodi jirani mpatane kabla haijaanguka nyingine.

Allah atutakabalie swaumu zetu. Aamiin.