UKUNGU MWEMA NA UKUNGU MBAYA: SOMO LA UDONGO



Tuandikapo khabari za magonjwa ya mimea, wasomaji wengi hungoja watajiwe dawa ya kupiga. Somo la leo ni jingine: ni la viumbe vidogo vilivyomo udongoni, na namna mkulima awezavyo kukitumia kimoja kumzuia mwenziwe.

Mfano twautoa mbali na karafuu. Galula ni kata ya Wilaya ya Songwe, bara, katika bonde la Ziwa Rukwa. Ukitoka nyanda za Mbozi penye baridi na kahawa, wateremka mpaka penye joto kali. Mahindi yalimwayo katika joto na ukame namna hiyo hupendwa sana na ukungu uitwao Aspergillus flavus. Ukungu huu hukaa udongoni na katika mabua makuukuu, na mbegu zake, laini kama vumbi, huchukuliwa na upepo na wadudu mpaka kwenye mahindi machanga. Hapo hutia sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo, na wapatao 20 wakafariki. Nasi wa visiwani twala unga utokao bara, basi khabari hii yatuhusu.

Sasa tazameni hila ya wataalamu. Si kila Aspergillus flavus hutia sumu. Katika udongo wa Tanzania wenyewe umo wa aina ile ile usioweza kuitengeneza. Taasisi ya IITA na wenziwe waliuchagua huo, wakaupaka juu ya punje za mtama zilizokaangwa zisiote. Dawa hiyo yaitwa Aflasafe, na ile ya Tanzania, TZ01, iliandikishwa mwaka 2018. Hutupwa shambani kwa mkono, kilo 4 kwa eka, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kuchanua. Ukungu usio na sumu hula ule mtama, huzaana, huenea, na wenye sumu ukija huwa kama mgeni aliyechelewa karamuni: wakuta sinia tupu. Lakini sharti udongo uwe na unyevu. Na mwenye kuyaweka ghalani mahindi mabichi ameitupa kazi yake yote.

Je, mikarafuu? Asije mtu akanunua Aflasafe kwa ajili ya mkarafuu. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ugonjwa wetu wa kifo cha ghafla, waliouchunguza Nutman na Roberts katika miaka ya 1950, huletwa na ukungu mwingine, Valsa eugeniae. Mizizi myembamba hufa kwanza, chini, pasipo mtu kujua. Mwenye shamba aonapo majani yamepauka, mti umekwisha kufa, nao ni mti mkubwa uliokuwa ukisomesha watoto. Dawa ya kuuponya hapana.

Hata hivyo mkarafuu nao una rafiki udongoni. Uko ukungu mwema uingiao ndani ya mizizi, ukanyoosha nyuzi zake mbali kuliko mizizi yenyewe ifikavyo, ukauletea mti maji na fosforasi, nao mti huulipa sukari. Jembe lichimbalo chini ya mti hukata mizizi na nyuzi pamoja. Ndiyo sababu twapendelea majani yafyekwe, yaachwe pale pale yafunike ardhi, wala yasichomwe moto; na samadi itiwe ikiwa imekwisha kuoza. Udongo wa kitalu uchotwe chini ya mikarafuu mizima, kamwe si mahali palipokufa mti. Hatusemi kwamba haya yatakizuia kifo cha ghafla. Atakayewaambia hivyo huyo ana kitu anauza. Twasema mti wenye mizizi mizima hustahimili kiangazi kuliko wenye mizizi iliyokatwa.

Lipo na jambo la msimu. Kukauka kwa matawi huletwa na ukungu wa tatu, nao huingia penye jeraha, khasa pale wachumaji wavunjapo tawi ili wafikie karafuu. Basi wachumaji waambiwe kabla hawajapanda. Tawi lililokwisha kukauka likatwe mpaka kwenye mti mweupe usio na doa la kahawia, lichomwe mbali na shamba, na panga lisafishwe kabla ya kugusa mti wa pili.