Vetiva: Ukuta Ulio Hai wa Kuhifadhi Udongo

Huko Misunkumilo, katika Manispaa ya Mpanda, mvua hunyesha kwa msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili. Kisha hufuata kiangazi kirefu: majani hukauka, moto hupita, na ardhi hubaki wazi. Mvua za kwanza huikuta haina kinga, nazo huuchukua udongo wenye rutuba na kuupeleka mitoni. Je, upo mmea uwezao kuustahimili ukame huo na bado ukawa tayari kuyapokea maji ya kwanza?

Upo. Mmoja wapo ni vetiva, nyasi za kudumu zenye asili ya Bara Hindi. Siri yake imo ardhini. Mizizi yake huteremka wima, na katika udongo laini yaweza kufikia mita 3. Huko hupata unyevu usiofikiwa na mizizi mifupi. Tena sehemu inayotoa machipukizi hukaa chini ya uso wa ardhi. Hivyo majani yakiungua, mmea huchipua upya.

Shina hugawanywa katika vipande vyenye mizizi, vikapandwa mwanzoni mwa mvua, sentimita 10 hadi 15 kati ya kimoja na kingine, katika mstari unaoukinga mteremko. Safu ikishafungamana, haiyazuii maji kabisa, bali huyapunguza kasi. Maji yaendayo polepole hayana nguvu ya kubeba udongo. Basi udongo hutua upande wa juu wa safu, na maji hupata muda wa kuzama ardhini.

Hata hivyo, tahadhari yahitajika. Pengo moja likiachwa, maji hukusanyika hapo na kuchimba korongo. Kwa hiyo ni lazima kuyajaza mapengo mapema, na kuikinga miche na mifugo.

Udongo unaobaki shambani haufukii mito. Mto Katuma, unaoelekea maziwa ya Katavi na Chada, ndio tegemeo la viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi wakati wa kiangazi.

Jaribio: Chukua masanduku matatu yaliyojaa udongo na kuinamishwa sawasawa. La kwanza liache wazi. La pili lipande safu kamili ya nyasi. La tatu safu yenye pengo. Nyasi zikishashika, mwagia kila moja maji ya kiasi kilekile, uyakinge yanayotoka. Acha yatuame, kisha ulinganishe tope. Ni sanduku lipi limepoteza udongo mwingi, na kwa nini?